Siku Tulipowazuia Watu Wasichote Maji ya Mto

Nilipoenda kufanya kazi kwenye mtambo wa dhahabu, upande wa kaskazini wa Kitui, nilikuwa na miaka thelathini na minne, na sikuwa nimewahi kuona dhahabu ikitoka ardhini wala sianidi ikitoka kwenye pipa. Nilikuwa nauza dawa za mifugo na za kunyunyizia michungwa katika duka moja la Sultan Hamud. Nyumbani ni Mbumbuni, na huko ndiko nilikomwacha binti yangu na mama yangu. Dada yangu ndiye aliyesikia kwamba kuna kampuni ndogo inatafuta mtu wa stoo, mtu aliyezoea kushika sumu.

Mkuu wa mtambo alikuwa mtu wa Migori, mwembamba, mwenye kofia ngumu iliyokuwa ya manjano zamani, sasa imepauka ikawa kama siagi. Alikuwa amefanya kazi ya dhahabu tangu ujana wake. Sote tulimwita Mzee. Yeye aliniita Mama Stoo tangu siku ya kwanza, kabla hata hajajua kama nina mtoto.

Siku hiyo ya kwanza hakunipeleka stoo. Alinikalisha kwenye benchi kivulini akaniuliza, "Mama Stoo, unaogopa nyoka?"

"Naogopa."

"Umewahi kuumwa?"

"La."

"Umekulia Ukambani, nyoka wamejaa, na hujaumwa. Umefanya nini?"

Nikafikiri kidogo. "Naangalia ninapokanyaga."

"Basi wewe utaiweza hii kazi," akasema. "Wanaonisumbua ni wale wasioogopa, na wale wanaoogopa mpaka wanafunga macho."

Kisha akanieleza, kwa utaratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba. Mwamba unasagwa mpaka unakuwa unga, unga unachanganywa na maji kwenye matangi makubwa, na sianidi ndiyo inayoyeyusha ile dhahabu ndogo isiyoonekana kwa macho na kuitoa kwenye tope. Bila sianidi tungekuwa tunasaga mawe tu. Ilikuja kwenye mapipa ya chuma ya buluu, vipande vyeupe, kama sabuni iliyokatwakatwa vidogo. Ikiwa kavu na imefungwa, imetulia. Adui yake ni asidi. Zikikutana, inatoa gesi, na gesi hiyo haimpi mtu nafasi ya kujuta. Ndiyo maana asidi iliwekwa mwisho kabisa wa kiwanja, na ndiyo maana kabla ya kuchanganya chochote tulitia chokaa kwanza kwenye maji, tukapima, tukapima tena, ndipo pipa likafunguliwa.

Stoo ilikuwa na makufuli mawili. Ufunguo mmoja nilikaa nao mimi, mwingine Mzee. Hakuna aliyeweza kuingia bila mwenzake, hata kama ni kuhesabu mapipa tu. Mwanzoni niliona ni usumbufu. Mara nyingi nilisimama mlangoni nikimsubiri huku jua la Kitui likinichoma kisogo, nikijiambia ningekuwa nimemaliza zamani.

Watu husema sianidi inanukia kama lozi chungu. Mimi sijawahi kuonja lozi, lakini Mzee alisema ni kama ukipasua kokwa la tunda na kunusa kilichomo. Siku moja wenzangu wawili waliokuwa karibu na tangi la kuchanganyia walirudi nyuma ghafla wakasema wamesikia harufu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na sikusikia kitu. Kile kipimo kidogo cha gesi nilichobandika kifuani kikaanza kulia. Tukatoka sote tukaenda upande upepo unakotokea, kama tulivyofunzwa, na tulipopima maji tukakuta chokaa imepungua. Ilirekebishwa, hakuna aliyedhurika. Nilimwambia Mzee, "Mimi pua yangu haisikii."

"Wako watu wa hivyo," akasema. "Wamezaliwa hivyo. Afadhali wewe umejua. Anayesikia huamini pua yake, kisha siku moja anapata mafua."

Tangu hapo sikuenda mahali bila kile kipimo. Wenzangu walinitania kwamba hata kanisani ningeenda nacho.

Nikiukumbuka mtambo ule sasa, sikumbuki hofu. Nakumbuka asubuhi. Kinu kikianza kuzunguka, ardhi ilitetemeka taratibu mpaka vikombe vya chai vikalia mezani. Nakumbuka glavu zetu ndefu tulizozifua na kuzianika vidole vikielekea chini, zikapepea kwenye kamba mstari mzima. Nakumbuka vile overoli hazikutoka nje ya fensi. Zilifuliwa hukohuko, nasi tulioga kabla ya kuvaa nguo za nyumbani, kila siku, hata siku ambazo maji yalikuwa ya shida. Binti yangu alikuwa akinikumbatia nikienda likizo Mbumbuni na kuniambia, "Mama, unanuka sabuni ya mche." Aliona ni harufu yangu. Kwa miaka sita ilikuwa harufu yangu kweli.

Na namkumbuka mama mmoja mjane aliyeuza chai na isyo, mahindi na maharagwe tunavyoyapika Ukambani, nje ya geti letu. Alikuwa mkubwa wangu kwa kama miaka ishirini, mrefu, mwenye sauti nzito, kiongozi wa akina mama katika kanisa nililokwenda kule. Nilimwita mwaitu, mama, naye akaniita mwana wakwa, mwanangu. Nilipofika sijui mtu, yeye ndiye aliyenipa kiti. Alinifunza ni duka gani lina unga mzuri, na ni mchungaji gani anahubiri mpaka watu wanalala.

Urafiki wetu uliharibiwa na mapipa.

Ulikuwa mwaka wa pili wa ukame. Mto wetu ni wa mchanga. Kiangazi unauona mkavu kama barabara, na watu huchimba mashimo ndani ya mchanga kutafuta maji chini. Mwaka ule mashimo yalikuwa yamefika kina cha kumzidi mtu kimo. Punda walishinda njiani na mitungi. Na sisi, kila juma, tulikuwa tunamaliza mapipa ya chuma yenye vifuniko, mazima, yasiyovuja. Tuliyasuuza mara tatu, yale maji ya kusuuza tukayarudisha kwenye tangi, kisha tukayapeleka kwa mashine iliyoyaponda mpaka yakawa bapa kama chapati. Mashine hiyo ilikuwa karibu na fensi. Akina mama wakipita na punda wao walisimama wakitazama.

Siku moja mwaitu akanivuta kando. "Mwana wakwa, nitafutie pipa moja tu. La kuwekea maji. Nitaliosha mimi mwenyewe kwa majivu na maji ya moto."

"Mwaitu, siwezi. Hata likioshwa."

"Mnaliosha ninyi mara tatu. Nimeona."

"Tunaliosha ili mtu wa kuliponda asidhurike. Si la kuwekea maji ya kunywa."

Aliitazama ile mashine kule kwenye fensi. "Kwa hivyo mnaona heri liharibike."

Nilisema tena kwamba siwezi. Aliendelea kuniuzia chai, lakini hakuniita tena mwana wakwa. Kanisani alinisalimia kwa mkono, haraka, kama mgeni. Niliumia kuliko nilivyotarajia. Nilimweleza Mzee, nikidhani ataniambia nizoee. Hakusema hivyo. Alivua kofia, akakuna kichwa. "Umemnyima mtu pipa wakati wa kiu, na hukumwonyesha sababu. Hata mimi ningekasirika."

Juma lililofuata alimwomba chifu awaite watu, akafungua geti. Walikuja kama arobaini. Tuliwapa viatu vya gambuti na kofia, tukawatembeza. Waliona stoo kwa nje, wakaona jinsi tunavyotia rangi nyekundu kwenye maji ya sianidi ili hata tone likivuja lionekane. Waliona bwawa la tope linalobaki baada ya kutoa dhahabu, lenye mabaki ya sianidi, limezungushiwa fensi, na juu yake nyavu za kuzuia ndege. Waliona mashine inayoponda mapipa, na Mzee akawaeleza kwamba kuna mahali alipofanya kazi zamani ambako mapipa ya namna hiyo yaliuzwa sokoni, na familia moja ikaweka uji ndani. Hakumaliza hadithi hiyo. Hakuna aliyemwomba amalize.

Mwishoni akauliza kama kuna swali. Mwaitu akasimama.

"Hii dawa yenu ikifika mtoni, sisi tutaijuaje?"

"Hamtaijua kwa macho, mama," Mzee akajibu. "Ikifika huko imechanganyika na maji, ile rangi haitaonekana. Tutawaambia sisi."

"Na msipotuambia?"

Mzee akageuka akalitazama bwawa. Kisha akasema, "Basi njoo upime na sisi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila Jumatatu mwaitu na wanawake wengine wawili walikuja, tukashuka nao mtoni kuchukua maji kwenye mashimo ya mchanga, na kwenye visima vyetu vya kupimia chini ya bwawa. Nilimfunza kushika chupa, kuiandika, kutazama rangi ya kipimo ikibadilika au ikikataa kubadilika. Alishika mambo haraka kuliko mimi. Jumatatu ya nne, tukipanda kutoka mtoni, aliniambia bila kunitazama, "Mwana wakwa, punguza mwendo, magoti yangu si yako." Nilipunguza mwendo.

Mvua ilikuja Jumapili moja ya Novemba, ibada ikiendelea. Tulikuwa tumeiombea majuma mengi. Radi ilipopiga mara ya kwanza, watu waliinua mikono, mwalimu wa kwaya akaanzisha wimbo bila kungoja mchungaji amalize, na mabati yakaanza kupigwa na matone makubwa. Mwaitu alikuwa ameketi mbele yangu. Aligeuka, akaniona, na uso wake ukabadilika. Nafikiri mimi peke yangu katika kanisa lile ndiye niliyekuwa nimekunja uso. Nilikuwa nafikiria bwawa.

Niliondoka na mwavuli ambao haukunisaidia. Nilipofika kazini, Mzee alikuwa tayari amesimamisha mtambo. Juu ya bwawa tulikuwa na mtaro wa kuyaongoza maji ya mvua yapite kando, yasiingie. Lakini ardhi iliyokaa miaka miwili bila mvua haishiki. Mchanga ulikuwa umeporomoka ukaziba mtaro, na maji yote ya kilimani yakawa yanashukia bwawani. Wanaume walikuwa ndani ya mtaro na majembe, tope mpaka kiunoni. Mimi na Mzee tulifungua stoo nyingine ndogo, tukatoa dawa ya kuua sianidi, tukaanza kuitia kwenye maji ya bwawa kadiri pampu ilivyoweza. Tulifanya hivyo kwa saa tatu. Vidole vyangu vilikuwa vimekunjamana ndani ya glavu.

Maji ya bwawa yalifika kwenye alama nyekundu ya kikomo, yakaipita. Yakaanza kutoka kwenye mlango wake wa dharura, kwenda kwenye bwawa dogo lililo chini, lililojengwa kwa ajili ya siku kama ile. Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Bwawa dogo lilishika. Lakini lilikuwa halijawahi kutumika hata mara moja, na baada yake hakuna kingine ila mto.

Mzee alifuta mvua usoni. "Mama Stoo, nenda mtoni. Waambie wasichote. Wala mifugo isinywe."

"Limevuja?"

"Sijui kama limevuja. Nenda."

Nilikimbia na gambuti. Mvua ilikuwa imepungua, na mto ulikuwa unashuka, maji mekundu ya udongo, yakibeba matawi. Watu walikuwa wamejaa ukingoni na nguo zao za kanisani. Akina mama walikuwa wakipiga vigelegele, mitungi ikijazwa, na wazee wawili walikuwa wamesimama majini na suruali zimekunjwa, wakicheka. Sijawahi kuona watu wenye furaha kama ile. Nikasimama juu ya jiwe na overoli yangu nikapaza sauti kwamba wasichote.

Hawakunisikia mara ya kwanza. Mara ya pili walisikia, na vigelegele vikakatika. Mwanamume mmoja akasema, "Miaka miwili tumengoja, na leo unasema nini?" Mwingine akasema kampuni imetuma mtu wake kuwanyima hata maji ya Mungu. Nilijaribu kueleza habari za bwawa dogo, lakini sauti zao zilinizidi.

Mwaitu alipenya katikati ya watu, mtungi wake umejaa mpaka mdomoni. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Mmepima?"

"Bado. Hatujui kama liko salama. Ndiyo sababu nimekuja."

Aliangalia maji kwenye mtungi. Kisha akauinamisha, akamwaga yote mchangani, polepole, mpaka tone la mwisho. Akawageukia wengine akawaambia kwa Kikamba kwamba waliahidiwa wataambiwa, na sasa wameambiwa. Baadhi walimwaga palepale. Wengine walinung'unika na kumwaga wakiwa wameshanipa mgongo. Wafugaji walirudisha ng'ombe kwa fimbo, na ng'ombe wenyewe hawakutaka kurudi.

Jioni ile tulipima. Kipimo chetu kilionyesha mto ni safi, na visima vya chini ya bwawa ni safi. Nilitaka kukimbia kuwaambia. Mzee akakataa. Alitaka chupa ziende maabara Nairobi, na mpaka majibu yarudi watu wanywe maji ya lori la kampuni. Lori lilileta maji, lakini ya lori hayatoshi punda, mbuzi na kufulia. Asubuhi ya pili nilimfuata ofisini nikiwa nimekasirika.

"Mzee, ni safi. Umeona kwa macho yako. Watu wanautazama mto ukipita na wana kiu."

"Nimeona."

"Basi?"

Aligeuza kofia yake mikononi. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema kwa miaka yote ile. Ujanani, kwenye machimbo mengine, alikuwa na rafiki waliyetoka naye kijiji kimoja. Siku moja rafiki yake aliingia peke yake kwenye tangi tupu kutoa tope lililokwama. Mzee alikuwa amepima asubuhi akaona ni salama, akaenda kunywa chai. Aliporudi ilikuwa mchana.

"Nilipima mara moja," akasema. "Nilimzika mimi. Tangu siku ile nikipima mara moja nasikia kama sijapima. Nisamehe, Mama Stoo. Najua ni safi. Lakini siwezi."

Hasira iliniisha, nikakaa. Tulinywa chai. Saa kumi alasiri simu ikalia kutoka Nairobi: hakuna kitu, mto ni safi, visima ni safi. Bwawa dogo lilikuwa limeshika.

Nilishuka mwenyewe kuwaambia. Watu walichota, lakini maji yalikuwa yameshapungua, na wengi walikuwa na uchungu. Niliambiwa nimewazuia bure siku mbili. Mwaitu alichota mtungi wake, akaufunga kwa gunzi la hindi, akasema, "Afadhali bure." Msimu huo mvua iliendelea kunyesha, kwa bahati njema, na kinyongo kikaisha kidogo kidogo pamoja na kiangazi. Mtaro wetu tuliujenga upya kwa mawe.

Mgodi ulifungwa miaka michache baadaye. Dhahabu ilikuwa ndogo, mwamba mgumu. Kufunga kulichukua karibu mwaka mzima, na nadhani ndiyo miezi niliyoipenda kuliko yote. Tulimaliza mapipa ya mwisho, tukaosha matangi, tukaosha mabomba, tukaosha sakafu ya stoo mpaka kipimo kikakataa kuona chochote. Bwawa lilikaushwa, likafunikwa kwa udongo, na akina mama walilipwa kupanda nyasi juu yake, mwaitu akiwa msimamizi wao, mkali kama askari. Siku ya mwisho tulipika mbuzi chini ya paa la karakana. Mzee alijaribu kucheza ngoma ya Kikamba, mabega hayakumtii, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Kisha akaenda kwao Migori. Hunitumia picha za mahindi yake kwenye simu, bila maneno.

Siku hizi niko Mbumbuni, nina maembe na kuku. Watu wakisikia nilikofanya kazi huniuliza kama sikuogopa kufa. Ninachokosa ni wale watu, na ule uangalifu, vile kila mtu alijua mwenzake yuko wapi saa yoyote ya mchana.

Agosti iliyopita nilienda kumtembelea mwaitu. Mguu mmoja unamsumbua, anatembea na fimbo. Tulikaa nje tukachambua mbaazi, akanieleza habari za wajukuu wake, ni nani ameolewa na nani amekataa shule, na kwamba mchungaji mpya anahubiri kwa ufupi, jambo ambalo yeye halimpendezi. Habari za mtambo hatukuzigusa hata kidogo. Nilipotaka kuondoka alinizuia, akasema jua bado kali, ningoje chai ichemke. Nikaketi tena.